Mbao ya mpini: jinsi ya kuchagua itakayodumu kwenye panga na kisu

Kijana anayeuza madafu jirani na kituo chetu cha daladala aliniletea panga lililozungushiwa mpira wa tyubu mpini mzima. "Shikamoo fundi. Mpini huu hauna hata miezi minne, na niliambiwa ni mpingo kabisa." Nikaufungua ule mpira taratibu. Mpingo kweli ulikuwa mpingo: mweusi, mzito, unateleza mkononi kama jiwe la mtoni. Ila ulikuwa na ufa ulionyooka kama umechorwa kwa rula, umeanzia kwenye tundu la ribiti (pini inayobana mbao na chuma) ya kwanza ukatokea kwenye ribiti ya tatu. Kila alipopiga dafu, ufa ulifunguka na kujifunga, ukambana ngozi ya kiganja. Ndiyo sababu ya ule mpira.

Mpingo haukuwa na kosa. Kosa ni la aliyeukata ukiwa bado mbichi na kuupigilia misumari kwa nguvu. Naanza na panga hili kwa sababu wanaokuja kutafuta mbao ya mpini karibu wote huuliza swali moja: "Ipi ngumu kuliko zote?" Ugumu unasaidia, ila haumo mbele kwenye foleni. Ukavu uko mbele yake. Mwelekeo wa nyuzi uko mbele yake. Na namna mbao inavyokaa na chuma iko mbele yake pia.

Ninayoeleza hapa ni kwa vifaa vyenye msuka mpana, yaani chuma chenyewe kinaendelea hadi nyuma na mpini ni vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande, vilivyoshikwa kwa ribiti. Mapanga mengi ya dukani yako hivyo, na visu vingi vya jikoni na vya bucha. Visu vya msuka mwembamba uliochomekwa ndani ya mpini wa duara na kuvalishwa noleo, ile pete ya chuma ya mbele, vina taratibu zake. Uchaguzi wa mbao unafanana, ufungaji ndio tofauti.

Hatua ya kwanza: mchunguze marehemu

Usiutupe mpini wa zamani kabla hujaujua ulikufa kwa ugonjwa gani. Toa ribiti kwa kusaga vichwa vyake kwa tupa au kwa kuvitoboa kwa drili, kisha zisukume nje kwa msumari butu. Ukitumia bisibisi kubandua mbao kwa nguvu utaupinda msuka, na msuka uliopinda hautakaa sawa na mbao yoyote.

Sasa tazama. Mpini uliovunjika kwa kukatika, hasa pale mbele karibu na bapa, ulikatwa kwenye mbao ambayo nyuzi zake zilikuwa zinakatiza badala ya kwenda na urefu. Uliopasuka kwa urefu ulikuwa mbichi, au matundu yalikuwa membamba na ribiti ikajipanua ndani yake kama kabari. Ulio mzima lakini unacheza ulisinyaa baada ya kufungwa. Weusi na ulaini kuzunguka tundu ni maji na kutu: chuma cha msumari kikilowa ndani ya mbao yenye tanini huitia weusi na kuila polepole. Na vitundu vidogo kama vya sindano vyenye unga chini yake ni wadudu, ambao mara nyingi huwa wameanzia kwenye sehemu nyeupe ya mti.

Ukishajua, weka mpini huo juu ya kipande cha boksi, uchore umbo lake pamoja na matundu, uandike tarehe. Hicho ndicho kielelezo chako.

Hatua ya pili: jiulize chombo kinafanya kazi gani

Panga la shamba linaumizwa na mshtuko, kisu cha jikoni kinaumizwa na maji. Kisu cha bucha kinaumizwa na maji, mafuta na kusuguliwa kwa sabuni kila jioni. Panga la madafu, maskini, linaumizwa na vyote: pigo mia kwa siku, maji ya dafu yenye sukari yanaingia kwenye kila upenyo, na mchana kutwa liko juani.

Kwa mshtuko unataka mbao inayovumilia kutikiswa bila kukatika. Kwa maji unataka mbao isiyopenda kuvimba na kusinyaa. Mara chache mti mmoja unakuwa bingwa wa yote mawili.

Hatua ya tatu: mti gani?

Hapa nitakaa kidogo.

Mkongo, ambao pwani ya Kenya wanauita mbambakofi, ndio ninaouchukua kwanza kwa panga. Ni mzito bila kuzidi, mwekundu wa kahawia, na ukishakauka hautikisiki sana na majira. Mchwa hawaupendi. Tatizo lake ni sehemu nyeupe ya nje, ambayo inaonekana wazi kabisa ilipokutana na moyo wa mti. Muuzaji atakwambia "hiyo ni rangi tu". Si rangi tu. Moyo wa mti una kemikali zinazowazuia wadudu na ukungu, ile nyeupe haina, na ina wanga ambao wadudu wanaufuata. Kata yote, tupa.

Mninga ni kipenzi cha maseremala kwa samani, na kwa kisu cha jikoni ni chaguo zuri sana kwa sababu ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo mno. Ukitiwa mafuta unang'aa kama asali. Kwa panga la kazi nzito nausita: si mgumu sana, na ribiti ikigongwa siku nyingi huchimba tundu lake likawa pana. Kama una mninga tu, ongeza washa pana chini ya vichwa vya ribiti.

Msaji, au mtiki, una mafuta yake ya asili na unavumilia maji vizuri. Mashamba yake yako Longuza kule Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero, kwa hiyo mabaki yake hayakosekani kwenye karakana za samani. Uufanye wa visu. Kwenye panga huwa unakatika, kwani haupendi pigo la ghafla. Kumbuka pia kwamba unakula makali ya msumeno na randa.

Mvule ni mbao nzuri ya milango na boti, na kwa kisu inafaa. Wakati mwingine ina mawe ndani, madini meupe magumu ambayo mti wenyewe umeyatengeneza, na ukikutana nayo na patasi uliyoinoa asubuhi utasema maneno ambayo hayafai hapa. Vumbi lake linawasha pua na macho, vaa barakoa.

Mpera ni mti ambao wengi wanao uani na hawauhesabu. Una uvumilivu wa kutikiswa kuliko mbao nyingi za bei, na kwa sababu hiyo wakulima wamekuwa wakiufanyia mipini ya majembe. Ubaya wake ni kwamba shina lake ni jembamba na hupasuka kama ukikaushwa kwa haraka. Mwenye subira atapata mpini mzuri wa panga kwa gharama ya kukata tawi.

Mkwaju: moyo tu, ule wa rangi ya zambarau iliyoiva. Mgumu, mzito, unadumu. Ila moyo wenyewe ni mdogo, na ile manjano inayouzunguka huliwa na wadudu upesi. Mwarobaini ni wa daraja la kati; haukatai kazi, na wachonga vinyago wa Kenya wameuzoea tangu mti wa muhugu ulipoanza kuadimika.

Mpingo nimeuacha mwisho kwa makusudi. Uzito wake ni kama kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo moyo wake ukiutupa kwenye ndoo ya maji unazama. Ndiyo mbao ya vinyago vya Wamakonde, na ndiyo inayopelekwa ng'ambo kutengenezewa klarineti. Marekani hata wenye bastola za M1911 huununua kwa vishikio, badala ya mjozi (walnut) uliozoeleka. Kazi yenyewe ni dada wa hii yetu: vipande viwili vyembamba vya mbao vinavyobana chuma, kila kimoja kikikazwa kwa skrubu mbili. Na wao pia huumizwa na kitu kilekile, mbao kupasukia kwenye tundu. Mpingo ni mgumu kiasi kwamba hauna pa kutoa; ukibanwa, haubonyei, unapasuka. Kwenye kisu cha jikoni uliotobolewa vizuri utakuzika wewe. Kwenye panga la madafu sikushauri.

Jambo jingine kuhusu mpingo: tangu Januari 2017 umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia isipokuwa wale ambao tayari walikuwa kwenye ulinzi mkali zaidi. Anayetaka kusafirisha mbao zake nje ya nchi aulize kibali kwanza. Kwa matumizi ya nyumbani, nunua mabaki kwa wachongaji au karakana inayojulikana. Mpingo mmoja huchukua miaka 70 na zaidi kufikia umri wa kuvunwa, na mpini wako unahitaji kipande kisichozidi kiganja.

Zisizofaa: mwembe, msonobari, mgrivea. Mkaratusi unafaa mpini mzima wa jembe, ila ukiukata vipande vyembamba hujikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye chuma.

Hatua ya nne: chagua kipande, si mti tu

Mkongo mbaya upo. Mpera mzuri upo. Ukiwa kwenye rundo la mabaki, chukua kipande, kigeuze, tazama ubavu. Nyuzi zinapaswa kwenda na urefu wa mpini tangu mwanzo hadi mwisho. Kama zinaanzia chini na kutokea juu kabla ya nusu ya urefu, kirudishe ulikokitoa, hata kama rangi yake imekuteka. Mbao yenye mawimbi na kifundo ni nzuri kwa kutazama na ndiyo inayotangulia kuvunjika.

Kisha tazama mwisho wa kipande, pale msumeno ulipokata. Utaona mistari ya miduara ya mti. Ubao ambao mistari hiyo imesimama wima kwenye unene wake husinyaa kwa upana kama nusu tu ya ule ambao mistari imelala, na haupindi ovyo. Ukipata wa kusimama, chukua.

Lowesha kidole kwa mate, pitisha mwishoni mwa kipande. Nyufa ndogo ambazo jicho halikuziona zitajitokeza kwa weusi. Kigonge kwenye kingo ya meza: mbao kavu na nzima inalia wazi, yenye ufa inatoa sauti ya kopo.

Mwisho, vipande viwili vya mpini vitoke kwenye ubao mmoja, ikiwezekana kwa kuupasua katikati kama kitabu. Vitasinyaa pamoja na kuvimba pamoja. Ukitia mninga upande mmoja na mkongo upande wa pili kwa ajili ya urembo, unafunga ndoa yenye ugomvi.

Kuhusu uhalali, upande wa Tanzania mbao za misitu ya asili hugongwa nyundo ya alama na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) na kusafiri na hati. Ukinunua kipande kwenye karakana hutaonyeshwa hati, lakini muulize fundi kaipata wapi. Anayejibu bila kigugumizi ndiye wa kurudi kwake.

Hatua ya tano: ukavu

Mipini mingi huharibikia hapa, na ndipo wengi wanapokosa subira.

Mbao mbichi ina maji, na yakitoka inapungua upana. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Sasa fikiria: chuma hakisinyai, ribiti hazisogei, mbao inataka kupungua upana na imebanwa na ribiti tatu. Itafanya nini? Itapasuka kwenye mstari wa ribiti. Ule ufa wa panga la kijana haukuletwa na dafu hata moja. Ungetokea hata panga lingening'inizwa ukutani.

Maseremala wengi huhesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi moja ya unene, kivulini, penye upepo. Vipande vya mpini ni vyembamba, kwa hiyo havihitaji mwaka. Vikate vikiwa na unene wa ziada, kama milimita 15, upake nta au rangi kwenye ncha mbili ili maji yasikimbilie huko na kupasua, uvipange kwa vijiti katikati yake ili hewa ipite. Si juani. Si juu ya bati. Si kando ya jiko la mkaa.

Na utajuaje kwamba vimekauka? Wengine watakwambia uvibusu uone kama ni baridi. Mimi natumia mizani ya jikoni. Nina kipande cha mninga ambacho nimekiandika kwa penseli ubavuni: 212. Chini yake 203, halafu 199, 198, 198. Ni gramu, kila wiki mbili. Uzito ukisimama mara mbili mfululizo, mbao imekubaliana na hewa ya hapo ilipo.

"Ya hapo ilipo" ina uzito wake. Mbao iliyokaukia Tanga bado ina unyevu wa bahari. Mwenye kisu akihamia Dodoma, mpini utaendelea kupungua mpaka chuma kianze kujitokeza pembeni kama ulimi. Ukimtengenezea mtu wa bara ukiwa pwani, weka vipande ndani ya nyumba, kwenye kabati kavu, wiki kadhaa zaidi. Na acha mbao izidi chuma kidogo sana kila upande, kiasi cha unene wa kadi ya simu.

Hatua ya sita: kata, toboa, funga

Kwa kisu cha jikoni kila kipande kianze na milimita 8 hadi 10, kwa panga 12. Upande unaogusa chuma lazima uwe bapa kabisa. Bandika msasa juu ya kioo, sugua mbao juu yake kwa mduara, kisha weka kwenye msuka na uutazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga unapita, endelea kusugua. Upenyo wa unywele unatosha kuingiza maji ya miaka mitano.

Toboa ukitumia msuka wenyewe kama kielelezo. Funga kipande cha kwanza kwa klampu, toboa kupitia matundu ya chuma, kisha cha pili vivyo hivyo, huku umeweka kipande cha mbao chakavu chini ili drili isipasue inapotokea. Tundu la mbao liwe pana kidogo kuliko ribiti. Kidogo tu, ribiti ipite bila kusukumwa kwa nyundo. Nafasi hiyo ndiyo ingeuokoa ule mpingo.

Ribiti ziwe za shaba. Waya mnene wa shaba wa umeme, ule wa kupeleka ardhini, unafanya kazi safi na hauna kutu. Msumari wa chuma uache kwenye paa. Paka gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili, kwenye chuma ulichokikwaruza kwa msasa na kukifuta kwa thina. Mbao zenye mafuta kama msaji na mpingo uzifute kwa thina vilevile, dakika chache kabla ya gundi, la sivyo haitashika. Usikaze klampu kupita kiasi, gundi yote ikatoka pembeni. Acha siku nzima. Ribiti zigonge kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi, ukizunguka kichwa kama unayetandaza kashata.

Umbo ni la mkono wa mwenye chombo. Akikishika, ncha za vidole ziguse kiganja kwa shida. Mpini mwembamba mno unachosha kuliko mnene. Kitako kiwe na mkunjo wa kushuka ili panga lisitoke mkononi likiwa na maji.

Mafuta: mafuta ya kitani kutoka duka la rangi, mapako matatu membamba, siku moja kati yake. Vitambaa ulivyopakia vitandaze nje vikauke. Ukivikunja na kuvitupa kwenye ndoo vinaweza kujiwasha moto vyenyewe, na sitanii. Mafuta ya alizeti yatanata, ya nazi hayatakauka. Vanishi inapendeza wiki tatu, halafu inabanduka kwenye kiganja. Ukitaka zaidi, yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki kwenye sehemu nne za mafuta ya kitani, ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, upake baada ya mapako yale matatu.

Na kisu kisilale kwenye beseni la vyombo. Hakuna mti niliotaja hapo juu unaopenda hilo.

Panga la kijana nililitia mkongo, kutoka mabaki ya fremu ya mlango yaliyokuwa yamekaa kwangu tangu mwaka juzi. Amerudi mara moja tu, baada ya masika, kulalamika kwamba kitako kinamgonga kwenye kifundo cha mkono. Nikapitisha tupa mara sita, nikapaka mafuta, akanifungulia dafu.